Palermo kwa Miguu: Kutoka Kasri Hadi Baharini, Ukila Njiani

Ukishuka Palermo hujui neno la Kiitaliano, usiogope sana. Mtaa mkuu wa mji wa kale unaitwa Cassaro, na jina hilo limetoka kwenye neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi kasri. Mtaa wa upande wa bahari ni Kalsa, yaani al-Khalisa, ndugu wa halisi yetu. Kuna jumba la mwaka 1180 liitwalo Cuba, kwetu kuba, na jingine liitwalo Zisa, al-Aziza, kwetu azizi. Zabibu wanaziita zibibbo. Na bibi wa dirishani akikuona umelowa mvua atatikisa kichwa na kusema "mischinu!", kwa sauti ile ile ambayo shangazi yako angesema "maskini!"

Sisemi Wasicilia ni ndugu zetu. Kisima kilikuwa kimoja, ndoo zikaenda mbali mbali. Ila mtu anayeongea Kiswahili akitembea Palermo huusoma mji huu kwa namna ambayo Mjerumani aliye pembeni yake hawezi, na ndiyo maana nimeandika mwongozo huu.

Ni wa siku moja, kuanzia juu kwenye kasri hadi chini pwani. Njia iliyonyooka haifiki kilomita mbili. Ukiongeza michepuko yote utatembea kama nne, tena mteremko mwingi ni wa kwenda chini.

Kabla ya kutoka

Palermo iko Sicilia, Italia, kwa hiyo anayetoka Afrika Mashariki anahitaji viza ya Schengen. Uwanja wa ndege uko kilomita 35 hivi kutoka mjini, na kuna treni na basi hadi stesheni kuu. Uwanja huo umepewa majina ya mahakimu Giovanni Falcone na Paolo Borsellino, waliouawa na mafia mwaka 1992 kwa kupishana siku 57. Barabara ya kuingilia mjini inapita Capaci, mahali Falcone alipolipuliwa, na utaona mnara wa kumbukumbu kando ya njia. Watu wa hapa hawacheki mtu akileta utani wa mafia. Uache nyumbani.

Njoo Aprili hadi Juni, au Septemba na Oktoba. Agosti ni tanuri. Weka kanga kwenye mkoba, kwani makanisani mabega wazi hayapiti, na kanga moja inatosha kwa wewe na rafiki yako aliyesahau. Beba sarafu za yuro, maana wauzaji wa barabarani wengi hawana hamu na kadi.

Kwa Waislamu, jifunze neno moja tu: strutto. Ni mafuta ya nguruwe, na Palermo huingia mahali usipopategemea, hata kwenye ganda la cannolo, ambalo kiasili hukandwa pia kwa mvinyo. Uliza "C'è strutto?" na subiri jibu. Hawakasiriki. Kuna msikiti jirani na Cassaro, mtaa wa Via del Celso, ndani ya jengo lililokuwa kanisa.

Hatua ya kwanza: kasri, saa mbili na nusu asubuhi

Anzia Porta Nuova, lango lenye paa la vigae linaloziba mwisho wa Cassaro. Tazama nguzo zake upande wa nje. Wamechongwa Wamori wanne wakubwa, yaani Waislamu wa Afrika Kaskazini, wawili wamekunja mikono kifuani, wawili mikono imekatwa. Hao ni mateka wa kampeni ya Kaisari Karl wa Tano aliyeiteka Tunis mwaka 1535. Watalii wengi hupiga picha bila kuuliza. Mimi hupenda kuanzia hapo, ili mtu asije akadhani hadithi ya mji huu ni ya mapatano matupu.

Kisha ingia Palazzo dei Normanni. Wafoinike ndio waliouanzisha mji huu karne ya nane kabla ya Kristo wakauita Ziz. Wagiriki wakauita Panormos, jina linalosifu upana wa bandari yake. Waroma waliuchukua mwaka 254 kabla ya Kristo. Waarabu kutoka Afrika Kaskazini wakaingia 831 na kuufanya makao makuu ya kisiwa, kisha Wanormani, Wakristo waliotoka Ufaransa, 1072. Kila mtawala alijenga juu ya mwenzake, na jengo unaloingia leo ni Bunge la Sicilia. Vyumba vya kifalme hufungwa siku za vikao katikati ya wiki, na Jumapili asubuhi kanisani kuna misa. Mimi mara ya kwanza nilipeleka wageni Jumapili bila kuuliza, tukasimama nje saa nzima tukihesabu njiwa. Angalia ratiba usiku wa kuamkia siku hiyo.

Unachofuata humo ni Cappella Palatina, kanisa dogo la Mfalme Roger wa Pili, aliyetawazwa siku ya Krismasi 1130. Ukiingia, dhahabu ya kuta itakuvuta macho. Iache kwanza. Inua kichwa uangalie dari ya mbao iliyochongwa kwa vijumba vidogo vidogo vinavyoning'inia kama sega la nyuki, kazi ya mafundi wa Kiislamu. Humo, juu ya vichwa vya mapadri, wamechorwa wapiga zumari, wanywaji, ngamia, na watu wawili wanacheza sataranji. Maandishi yanayozunguka ni ya Kiarabu, kwa mwandiko wa Kikufi. Kuta ni za Kigiriki, sakafu ya marumaru, misa ya Kilatini. Beba darubini ndogo kama unayo, au tumia simu kuvuta picha, kwani dari iko juu na michoro ni midogo.

Kabla ya kutoka tafuta jiwe la mwaka 1142 lenye maandishi ya Kilatini, Kigiriki na Kiarabu, lililotangaza saa ya maji aliyoagiza mfalme. Lugha tatu kwa ajili ya saa moja!

Ni kwa mfalme huyu huyu alikofanya kazi al-Idrisi, mzaliwa wa Sebta. Mwaka 1154 alimaliza kitabu cha jiografia chenye ramani 70, pamoja na sahani kubwa ya fedha iliyochorwa dunia nzima. Ndani ya kitabu kile imo pwani yetu, nchi ya Zanj. Anaitaja Malindi na chuma chake, anaitaja Mombasa. Na kwa kuwa ramani zake ziliweka kusini juu, Afrika ndiyo inayokaa kichwani na Sicilia iko chini yake. Roger alikufa Februari mwaka huo huo. Fikiria kwamba Malindi iliandikwa Palermo miaka 344 kabla Vasco da Gama hajatia nanga pale.

Hatua ya pili: Kanisa Kuu, na aya kwenye nguzo

Shuka Cassaro mita mia nne hivi, kanisa liko kushoto. Lilianza kujengwa 1185 mahali palipokuwa na msikiti, na kabla ya msikiti palikuwa na kanisa. Usikimbilie ndani. Simama kwenye baraza la kusini, lenye matao matatu, na uangalie nguzo ya mwisho mkono wa kushoto. Kwenye jiwe kuna maandishi ya Kiarabu: ni aya ya 54 ya Suratul Aaraf, inayotaja kuumbwa kwa mbingu na ardhi na usiku kuufunika mchana. Nguzo ilichukuliwa kutoka jengo la zamani, na hakuna aliyejisumbua kuifuta. Wageni hupita mbele yake kwa mamia wakitafuta foleni ya kupanda darini.

Ndani yamo makaburi ya mawe mekundu ya Roger na ya mjukuu wake Frederick wa Pili, aliyefariki 1250. Vitabu vya watalii humsifu Frederick kwa kujua Kiarabu. Havisemi sana kwamba ndiye aliyewahamisha Waislamu wa Sicilia kwa nguvu na kuwapeleka Lucera, bara ya Italia. Alipokufa, Palermo ya misikiti iliyomshangaza msafiri Ibn Hawqal mwaka 973 ilikuwa imekwisha.

Hatua ya tatu: Ballarò, na tumbo lianze kazi

Vuka Cassaro upande wa pili na ushuke. Utahisi mguuni kwamba unateremka. Hapa ulipita mto Kemonia, na upande wa pili wa mji ulipita Papireto, ulioitwa hivyo kwa sababu ya mafunjo yaliyoota kingoni. Mito yote miwili leo imefunikwa chini ya lami.

Soko la Ballarò utalisikia kabla hujaliona. Kunadi wanakuita abbanniata, na ni sanaa kamili: mtu wa samaki anaimba, wa mboga anamjibu, na katikati pikipiki inalazimisha njia. Fika kabla ya saa tano asubuhi, au samaki wazuri wameshaondoka. Zungusha mkoba mbele.

Kula kwa mpangilio huu. Kwanza panelle, vipande vyembamba vya unga wa dengu uliosongwa kama ugali laini, ukatandazwa, ukapoa, ukakatwa na kukaangwa. Vinaingizwa ndani ya mkate wenye ufuta, vinanyunyiziwa chumvi na limau. Aliyekulia kwenye bajia za dengu atajikuta nyumbani, isipokuwa hakuna pilipili. Yuro tatu hivi zinatosha. Simama pembeni ya karai uone jinsi muuzaji anavyogandua: anakwangua unga uliopoa kwa bapa la kisu, kipande kinaanguka kwenye mafuta, kinazama, kisha kinaibuka kimevimba kingoni. Usikubali cha juu ya sinia kilichopoa. Onyesha karai, subiri dakika mbili.

Pili, sfincione. Ni mkate mnene wenye mashimo kama sponji, juu umepakwa nyanya, vitunguu vingi, dagaa wa chumvi na jibini. Huuzwa kwenye lapino, ambayo ni bajaji ya mizigo, na kipaza sauti chake hurudia wimbo ule ule siku nzima. Katika wimbo huo muuzaji anaisifu bidhaa yake kwamba ina mafuta kidogo na vumbi tele. Huo ndio utani wa Palermo, na kila mtu hununua.

Tatu, arancina, tonge la wali wa zafarani lililojazwa nyama na njegere, likaviringwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa. Ni kama kachori aliyepata kazi nzuri mjini. Hapa lazima nikuonye. Palermo ni arancina, jina la kike. Catania, upande wa pili wa kisiwa, ni arancino, la kiume. Niliwahi kulikosea kaunta, na mzee akanielekeza kwa heshima zote njia ya stesheni, treni ya Catania. Iitwayo al burro ina nyama ya nguruwe ndani, na hata ya nyama ya kusaga uulize. Tarehe 13 Desemba, siku ya Mtakatifu Lucia, mji mzima haugusi mkate wala tambi, watu wanakula arancine kutwa.

Ukimwona mtu kakaa na kikapu kilichofunikwa kitambaa, anaingiza mkono ndani bila kuangalia na kuwapa watu kitu kwenye karatasi, huyo ni muuza frittola, masalia ya nyama ya ndama yaliyochemshwa kisha kukaangwa. Hakuna anayeruhusiwa kuchungulia kikapuni. Mimi nilikula mara moja. Mara moja inatosha.

Kabla ya kutoka Ballarò tafuta picha kubwa ukutani ya mtawa mweusi. Ni Benedetto, mtoto wa watumwa wa Kiafrika, aliyezaliwa San Fratello karne ya 16. Katika utawa wa Santa Maria di Gesù nje kidogo ya mji alikuwa mpishi. Alichaguliwa kuwa mkuu wa nyumba ile, ingawa hakujua kusoma, na muda ulipokwisha akarudi jikoni. Alikufa 1589, na 1652 baraza la mji likamfanya mmoja wa watakatifu walinzi wa Palermo. Ukuta huo uko mtaa ambao leo una saluni za Waghana na maduka ya Wabangladesh, na mihogo huuzwa kando ya artichoki. Ukikumbuka nyumbani, hapo utapata unga na mawese.

Hatua ya nne: njia panda, na peremende za masista

Rudi Cassaro hadi Quattro Canti, njia panda iliyokatwa kona zake kwa mviringo mwanzoni mwa karne ya 17. Dakika tano zinatosha. Chemchemi kubwa ya sanamu za uchi iliyo karibu nayo, Fontana Pretoria, ilichongwa Florence mwaka 1554 kwa bustani ya tajiri, ikauzwa Palermo 1573 ikiwa vipande vipande. Watu waliipa jina la chemchemi ya aibu, nami naona walikuwa na haki, hasa kwa bei.

Nenda nyuma yake, Piazza Bellini. Kuba tatu nyekundu ni za San Cataldo. Kanisa la pembeni ni Martorana, lililojengwa 1143 na George wa Antiokia, amiri wa Roger. Neno amiri lenyewe ndilo lililoipa Ulaya cheo cha mkuu wa majeshi ya majini. Ndani, kwenye mozaiki, Kristo mwenyewe anamvika Roger taji. Msafiri Ibn Jubayr alifika hapa Krismasi ya 1184, akaandika jinsi wanawake wa Kikristo walivyotoka wamevaa kama Waislamu: hariri, buibui za rangi, hina mikononi.

Masista wa Martorana ndio waliotoa jina la frutta martorana, matunda bandia ya lozi zilizosagwa na sukari, yaliyopakwa rangi mpaka unaona doa la kuoza kwenye pea. Ng'ambo ya uwanja, ndani ya jengo la utawa wa Santa Caterina bado vinauzwa vitamu vya mapishi ya kitawa. Chukua kipande kidogo cha cassata. Jina linatajwa kutoka qas'a, bakuli kwa Kiarabu, na Waarabu ndio walioleta miwa kisiwani, kwa hiyo sukari wanayoila wanaijua kwa jina letu. Ni tamu kupita kiasi. Mgawane watu watatu.

Saa saba mchana makanisa mengi hufungwa mpaka alasiri. Usipigane na desturi hiyo, tumia muda huo kwa hatua inayofuata.

Hatua ya tano: mkate wa bandama

Katikati ya Via Maqueda na Via Roma utaingia vichochoro ambavyo vibao vyake vimeandikwa kwa Kiitaliano, Kiebrania na Kiarabu. Huu ulikuwa mtaa wa Wayahudi, na kijia kimoja bado kinaitwa Meschita. Mwaka 1492 wafalme wa Hispania, waliokuwa wakitawala Sicilia, walitoa amri ya kuwafukuza. Wakaondoka, lakini chakula chao kikabaki. Inasemekana wachinjaji wa Kiyahudi hawakuruhusiwa na dini kupokea fedha kwa kuchinja, wakawa wanalipwa matumbo, nao wakayauza yamepikwa ndani ya mkate.

Ndiyo pani ca' meusa. Teremka hadi Piazza San Francesco au sokoni Vucciria uwatafute. Sufuria imeinamishwa, upande mmoja vipande vya bandama na mapafu ya ndama vilivyokwisha kuchemshwa, upande mwingine mafuta yanachemka. Muuzaji anachota kwa uma, anakamua mafuta ukingoni, anajaza mkate. Atakuuliza: schetta au maritata? Yaani mkate mseja au aliyeolewa. Mseja ana limau tu. Aliyeolewa kafunikwa jibini jeupe, laini na gumu. Chukua mseja; jibini linaficha ladha. Ila mafuta hayo ni strutto. Kwa hiyo ajabu ni hii: chakula kilichoachwa na Wayahudi, Myahudi hawezi kukila, na Mwislamu hawezi. Ukiwa mmoja wao, rudi kwenye panelle bila kinyongo.

Hatua ya sita: Kalsa na bahari

Piazza Marina ina mtini mkubwa ambao mizizi yake hushuka kutoka matawini na kugeuka nguzo, kama za hekaluni. Pumzika kivulini. Jengo zito linaloutazama ni Steri, lililotumika na mahakama ya dini mpaka 1782. Kuta za seli zimejaa michoro ya wafungwa, mashairi na ramani, kwa mkaa na matofali ya kusagwa. Ziara ni ya kuongozwa, saa nzima, na inafaa kuliko makumbusho mengi ya mji.

Kisha Kalsa yenyewe, ngome iliyoanzishwa 937. Mabomu ya 1943 yalibomoa sehemu kubwa, na bado utaona nyumba zisizo na paa. Jioni moshi utakuita: stigghiola, utumbo wa kondoo uliosokotwa kwenye vitunguu vya majani, unachomwa juu ya mkaa kama mishkaki, unakatwakatwa na kupewa chumvi na limau. Huku hakuna sahani, ni karatasi tu.

Au kula pweza. Wanamchemsha mzima, wanamkata mbele yako juu ya sahani kubwa, limau, basi. Aliyezoea wa Forodhani atanung'unika kwamba hana pilipili wala ukwaju. Beba kachupa kako ka pilipili mfukoni. Mimi hubeba, na muuzaji mmoja alinusa, akaonja, akaita wenzake.

Kwa mlo wa kukaa mezani agiza pasta con le sarde: tambi, dagaa wabichi, shamari ya porini, zabibu, zafarani na mbegu za msonobari. Al-Idrisi aliandika kwamba Trabia, karibu na hapa, walitengeneza tambi kavu na kuzipakia melini kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Hiyo ni 1154, kabla Marco Polo, anayesingiziwa kuleta tambi kutoka China, hajazaliwa.

Ukibaki siku ya pili

Tembea au panda basi hadi Zisa, kilomita moja na nusu kutoka Kanisa Kuu. Jumba lilijengwa ili upepo wa bahari upite juu ya maji na kupoza ukumbi. Ndani tafuta bamba dogo la marumaru la 1149, alilowekewa Anna na mwanawe, padri Grisandus. Limeandikwa mara nne: Kiarabu kwa herufi za Kiebrania, Kilatini, Kigiriki, Kiarabu. Kila andiko linahesabu mwaka wa kifo cha mama huyo kwa kalenda yake.